Cheti cha Bi Tencha

Herminia alilikalia begi, lakini zipu ilikataa kufunga.

"Toa hilo blanketi, mama," Hilario alisema akiwa mlangoni. "Kule ni joto kama huku."

"Nyumba ya kaka yangu, marehemu Lalo, haina hata dirisha moja zima. Blanketi litabaki." Akazisukumiza dawa za presha pembeni, kisha furushi la tortila, chapati za mahindi alizopika alfajiri.

Barua ya serikali kuu ilikuwa mezani tangu mwezi uliopita. Iliagiza kuondoka Texas siku ya Ijumaa, kabla ya saa sita mchana, kwa hiari. Baada ya hapo, kwa pingu.

"Kwa hiari," Herminia alisema. "Wana maneno matamu hao."

Na leo ilikuwa Ijumaa.

Yote yalianza na ombi la pasipoti, kwa ajili ya arusi ya jamaa huko Cancún. Cheti cha kuzaliwa kilitolewa na jimbo, na muhuri wake haukuwa na kasoro. Lakini chini kabisa kilikuwa na saini ya Bi Tencha, mkunga, na Washington walikuwa na orodha ya wakunga waliowahi kuandika kwamba mtoto amezaliwa Texas, ilhali amezaliwa ng'ambo ya mto wa mpakani, nchi nyingine.

Hilario aliendesha gari polepole. Alikuwa sajini wa polisi wa jimbo kwa miaka ishirini na miwili, lakini siku hiyo hakuvaa sare. Redioni watu walikuwa wakibishana, kama kila Ijumaa: nani aamue anayeingia na anayetoka, Texas au Washington? Akaizima.

Walisimama kwenye dirisha la kuuzia taco, tortila zilizokunjiwa nyama na mayai. Chema, polisi mwenzake, alikuwa pale, mdomo umejaa mayai.

"Sajini! Leo redioni wamekukosa. Ijumaa bila sauti yako ni kama taco bila pilipili!"

"Niko likizo."

"Likizo gani hiyo, uso umekunjamana hivyo? Bi Herminia, huyu anakupeleka kwa madaktari wa meno wa bei nafuu wa ng'ambo, siyo? Angalia wasikung'oe na ulimi!"

"Ulimi wangu ndio uliotufikisha hapa, mwanangu."

Chema alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akaegemea gari na kushusha sauti. "Haki ya Mungu, Sajini, ulisema kweli wiki ile. Jimbo tukiachiwa kazi hii ya mpaka, tutausafisha mto wote kwa wiki moja."

Hilario aliondoa gari bila kuaga.

Mashamba ya vitunguu yalipita kushoto na kulia.

"Ungenyamaza tu, mama," hatimaye alisema. "Yule afisa wa pasipoti alipouliza, ungesema hukumbuki. Nani angekubishia?"

"Niliapa, mwanangu. Na wewe ndiye uliyeniambia niseme kweli. Ulisema mtu mwenye haki haogopi swali."

Hilario alipunguza mwendo nyuma ya lori la vitunguu.

"Nitasemaje sikumbuki?" Herminia aliendelea. "Mto ulifurika siku ile. Tencha alifika kwa Lalo matope yakiwa magotini, akachemsha maji kwenye ndoo ya mafuta ya nguruwe, huku akimtukana punda wake. Kesho yake akavuka, akaandika Texas. Alidhani anampa mtoto zawadi."

"Jimbo linaikubali hiyo zawadi mpaka leo," Hilario alisema kwa uchungu. "Daftari la jimbo linasema Texas. Washington ndio wanaosema hapana. Tungeachiwa wenyewe, barua hii isingekuja."

"Mngeachiwa wenyewe?" Herminia alimgeukia. "Si wewe uliyesema redioni kwamba jimbo likiachiwa, litawafuata wenye vyeti vya wakunga mpaka jikoni kwao? Nilikuwa nakunja nguo. Nilikusikia."

"Nilikuwa nasema watu wengine, mama."

"Najua. Hata wao wana jikoni."

Waliliacha gari upande wa Texas, wakapanda daraja kwa miguu. Hilario alibeba begi kwa mkono mmoja. Kwa mkono mwingine alimshika mama yake kiwiko, maana upepo wa mtoni ulikuwa mkali. Mara mbili Herminia alisimama akisema viatu vinambana. Mara zote mbili Hilario alimsubiri, ingawa ilikuwa saa sita kasoro robo.

Katikati ya daraja, afisa wa serikali kuu aliipokea barua. Alikuwa binti wa hapo hapo mtoni. Jina lililoshonwa kifuani lilikuwa Garza. Alisoma, akamtazama Herminia, akamtazama Hilario, akasoma tena.

"Hakuna mwingine wa kupigiwa simu?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tumeshapiga zote," Hilario alisema.

Garza akagonga muhuri. Herminia akafungua mkoba, akatoa pasipoti yake ya buluu ya Marekani.

"Rudisha tu mkobani, bibi. Wewe ni raia wa kuapishwa, hakuna anayekufukuza," afisa alisema, akamsogeza taratibu upande wa Texas. Kisha akamgeukia Hilario. "Sajini, samahani. Barua ina jina lako. Ukishauvuka ule mstari, huruhusiwi kurudi."

Hilario akambusu mama yake kwenye paji la uso, akavuka peke yake.