Karanga Zilipokoma Kutafunwa

Mkaguzi wa filamu hakuitazama skrini. Alilitazama taya la mtoto wa dada yake, msichana aliyekuwa akiishi kwake tangu mwaka jana. Hiyo ndiyo mizani yake: mtoto akitafuna karanga, hana hofu. Taya likisimama, hapo pana jambo.

Filamu yenyewe ilikuwa kongwe, ile iliyowatoa watu wazima mbio ukumbini enzi hizo. Wenzake ofisini walishakata shauri: watoto marufuku. Yeye alitaka kujua, kwani watoto huogopa nini hasa?

Zimwi likachomoka kaburini, meno nje. Msichana akaangua kicheko.

"Mama mdogo, ona zipu mgongoni! Na hilo vazi limembana, maskini!"

Kra, kra, kra.

Damu ikamwagika. Kra, kra. Mkaguzi akatabasamu, akanyoosha mkono kuchukua muhuri wa "Ruksa kwa Wote".

Kwenye skrini, mama mmoja akatwaa mkoba wake, akambusu bintiye kwenye paji la uso. "Narudi sasa hivi," akasema, akaufunga mlango taratibu.

Kimya.

Karanga ilikuwa imebanwa katikati ya meno, haijavunjwa.

"Mama mdogo," msichana akanong'ona, "na huyu naye harudi?"