Rili ya Kufika Ng'ambo

Tangu sheria itutenge sisi wazee, kila mmoja na nyumba yake na mashine yake ya kumhudumia, kutembeleana ni marufuku. Kuvua samaki tu ndiko kulikosahauliwa kukatazwa. Basi navua. Dada yangu Rukiya wamemweka ng'ambo ya hori, mkono wa bahari ulio kati yetu.

Dukani nilizikataa rili za kukunjia mshipi zinazong'aa. Nilitaka ile nzito, ambayo mshipi wake hautatiziki hata ukiurusha mbali.

"Babu, samaki gani huyo wa kurushiwa ndoano mita mia mbili?" akauliza Shekuwe, mwenye duka.

"Anavaa miwani, na ukimkosea anakutukana mpaka babu zako."

Nyumbani nikafunga mfuko wa kaimati kwenye ndoano, nikarusha kwa nguvu hadi kunguru wakainamisha vichwa. Mfuko ukatua barazani kwa Rukiya. Mama alitufundisha kwamba chombo cha chakula hakirudishwi kitupu, kwa hiyo nikasubiri, kisha nikavuta.

Zikaja bajia. Zote ukubwa mmoja, rangi moja, hata moja haikuungua. Na Rukiya, tangu usichana wake, hajapata kukaanga bajia bila kuunguza nusu.

"Rukiya! Nitukane basi!" nikapiga kelele.

Mkono ukatokeza dirishani ukapunga. Ukapunga taratibu, ukaendelea kupunga, haukuchoka, kama wa mashine yangu.

Nikazila bajia zote, tamu kweli. Halafu nikafunga kaimati nyingine kwenye ndoano, maana sina mwingine wa kumrushia.