Mistari Isiyo na Pa Kuishia

Siku ya kwanza tangu atoke eda, Dakta Mwanakombo alirudi darasani na kufungua programu ya uga wa umeme, ambayo marehemu mumewe aliwaandikia wanafunzi wa fizikia. Kwenye kitambaa cheupe ukutani, kilichomulikwa na projekta, zikatokea chaji mbili, chanya nyekundu na hasi ya buluu, na mistari ya nguvu ya umeme ikitoka kwa moja na kupinda taratibu hadi kwa mwenzake.

"Dakta, hebu tuifute hiyo ya buluu tuone," alisema Zainabu, mwanafunzi wa viti vya nyuma.

Kidole cha Dakta kilisita, kisha kikabofya.

Darasa lilitarajia mistari nayo ipotee. Haikupotea. Ilijinyoosha, ikatawanyika pande zote, ikakatikia ukingoni mwa kitambaa.

"Sasa inaishia wapi?" aliuliza Zainabu.

Jibu la swali hilo Dakta alilifundisha miaka nenda miaka rudi, lakini leo aliiacha kompyuta. Alikisogelea kitambaa, akaufuata mstari mmoja kwa kidole mpaka akauvuka ukingo, na kiganja chake kikatua kwenye ukuta mtupu, pasipofika mwanga.

"Bado unakwenda," alisema, na mkono hakuuondoa.