Taa ya Kushoto

Duka zima lilikuwa la gari moja. Fundi cherehani alitazama rafu mara mbili: milango, bampa, usukani, vyote vya ile sedani ya Kijapani ambayo watu waliibatiza Hedimasta, kwa kuwa enzi zake haikukosekana nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Vumbi lilitanda kote, isipokuwa kwenye taa za mbele za kushoto. Hizo ziling'aa.

Ubao ukutani ulisema: HATUUZI TAA MPAKA ULETE ILIYOVUNJIKA.

"Karibu, mama," alisema mwenye duka, mwanamke wa makamo, mpole wa sauti.

"Asante, dada. Kumbe spea zipo! Mume wangu aliniapia kwamba kiwanda kilipoacha kuyaunda magari haya, na spea zilizikwa nayo."

Akafungua gazeti alilofungia taa iliyovunjika, akaiweka mezani. Mwenye duka hakuigusa.

"Toleo la tatu," alisema. "Yalitoka matoleo sita kabla kiwanda hakijafungwa. Umbo hili lilidumu miaka miwili tu. Gari lenu ni la kijani?"

"Kijani kibichi. Umejuaje?"

"Nimekisia. Limelala muda gani?"

"Miaka tisa, chini ya turubai! Na mimi nabeba marobota ya sare kichwani utadhani punda. Sasa nimepata shule tatu. Nisipofikisha mzigo Ijumaa, kazi anapewa mwingine. Nikamwita fundi magari jirani, akaichomoa taa kimyakimya. Baba watoto hajui. Nataka ashtuke."

"Atashtuka." Mwenye duka akachukua kalamu. "Aligonga nini?"

"Nguzo ya geti. Ungemwona siku ile! Anatetemeka kama ana malaria, chakula hakipiti, eti kwa ajili ya nguzo. Nikamwambia, bwana wee, kioo tu hicho, hukuua mtu."

Alicheka peke yake.

"Nipe jina lake, mtaa na namba ya nyumba," alisema mwenye duka. "Ni kwa ajili ya dhamana. Taa ikisumbua, nakuja mwenyewe."

Fundi cherehani alitaja vyote, akaongeza na rangi ya geti ili asipotee. Duka lenye kujali wateja namna hii hakuwahi kuliona.

Mwenye duka alimaliza kuandika. Akaenda mlangoni, akaufunga kwa ndani. Kisha akavuta droo, akatoa leso nyeupe iliyokunjwa mara nne. Ndani yake mlikuwa na kipande cha kioo, ukubwa wa kiganja cha mtoto.

Akakipachika kwenye pengo la ile taa. Kikaingia sawasawa, hata unywele usingepita.

"Mwanangu alikuwa anavuka barabara kwenda kununua penseli," alisema. "Mumeo hurudi nyumbani saa ngapi?"