Jiko na Mwenyewe

Tangazo kwa umma: mimi, Shaame, bingwa wa kuiga sauti za walimu bwenini, nimekuja likizo kukuza biashara ya vitumbua ya Shangazi Mwanakombo. Kusema kweli, nilikuja kuvila.

Siku hizi jiko la biashara humtii yule tu ambaye limezoea sauti yake. Kila alfajiri huuliza, "Nani?" Shangazi hujibu, "Ni mimi," nalo huwaka. Likizo nzima nilimtangulia kuamka, nikalijibu kwa sauti yake, nikajichekea. Yeye alilikuta linawaka, akadhani limempenda.

Leo, siku ya kurudi shule, nilichelewa kuamka, Shangazi akalijibu mwenyewe.

"Sikujui, mama," jiko likasema.

"Hunijui? Jiko lisilo na fadhila wewe! Unga umeumuka, wateja wako mlangoni!"

Jiko halikuwaka. Shangazi akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akajifuta macho kwa kanga.

"Sauti yangu imezeeka, Shaame. Au kuna mtu amelichezea?"

Nikalitazama begi langu la safari.

"Ni mimi," nikasema, kwa sauti yangu halisi.

Jiko likawaka. "Karibu, mwenye biashara. Leo hukuiga."