Chumba cha Mwisho Kulia

Kwa mara ya tatu kamati ya ujenzi ilimrudishia Rodrick mchoro wake, na kwa mara ya tatu kosa lilikuwa lilelile: mlango wa chumba cha mwisho kulia haukuwa na komeo la nje.

“Umesahau tena, kijana wetu,” alisema mwenyekiti, mzee Parsimei, kwa upole kama anayemkumbusha mtu kofia yake.

Rodrick hakuwa amesahau. Tangu serikali iruhusu tena zahanati za watu binafsi, kila mwenye kiwanja mjini Arusha alitaka kuchorewa moja, na Rodrick alizichora kwa malipo yake kamili. Hii ya kijiji cha Oldonyo Sambu aliichora bure. Malaria, wajawazito, vidonda na wagonjwa wa akili, wote chini ya bati moja, foleni moja, benchi moja. Hayo kamati iliyapitisha bila ubishi. Ikaja kukwama kwenye komeo la chumba cha wagonjwa wa akili.

“Mwenye homa hatumfungii,” alisema Nashipae, muuguzi, mtu pekee aliyesimama upande wake. “Huyu wa akili naye ni mgonjwa kama wengine.”

Lemburis, fundi mkuu, aliweka kikombe chini.

“Binamu yangu alitoka hivyohivyo, mlango uko wazi, watu wanakunywa chai. Tulimpata siku ya pili, korongoni. Sasa mchoraji, wewe ungemwambia nini mama yake?”

Rodrick alikuwa amejiandaa wiki nzima, maneno ameyapanga vizuri kichwani, na yote yakayeyuka. Alijiona mdogo mbele ya wazee wale, na kibaya zaidi, hakuweza kusema kwamba Lemburis amekosea.

“Umewahi kukaa na mgonjwa wa namna hiyo?” aliuliza mzee Parsimei, wala si kwa ubaya.

“Nimesoma habari zao, mzee.”

Nashipae aliinamisha kichwa. Mzee akamsogezea Rodrick penseli. “Basi tuwekee moja tu, hapo katikati ya mlango, tumalize.”

Rodrick aliishika penseli. Miezi mitano alikuwa akikipigania chumba kile, na sasa mkono wake mwenyewe ndio uliotakiwa kukifunga.

“La katikati halidumu,” alisema hatimaye, sauti imeshuka. “Akisukuma kwa bega linang'oka. Wekeni mawili, juu na chini, kwa skrubu ndefu. Na msiache msumari wowote karibu na dirisha.”

Lemburis alikubali kwa kichwa, ameridhika. Akawaambia wenzake kwamba kusoma kweli ni kuzuri, mtu anajua mpaka mambo ambayo hajayaona. Wakaweka sahihi zao, mmoja baada ya mwingine, na Rodrick akaweka ya mwisho.

Nashipae alimsindikiza hadi barabarani, kwenye lori la viazi lililokuwa likielekea mjini.

“Ungevumilia kidogo tu, kaka. Mzee alikuwa anakaribia kulegea.”

“Najua, dada,” alisema Rodrick, akapanda lori.

Jua lilikuwa bado juu ya mabati alipofika nyumbani kwake Sombetini. Mkewe, Irine, alimpokea mkoba na kumpa sahani ya wali na maharage, bado wa moto. Akamwambia leo kumekuwa na utulivu. Rodrick alizunguka na sahani ile hadi chumba cha uani, akavuta makomeo ya nje, la juu na la chini, akasukuma mlango.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Kile chumba ulichosema hakifungwi kwa nje, wamekimaliza?”

“Bado, mama,” alisema Rodrick. Akamlisha hadi sahani ikaisha, kisha akatoka, akafunga.