Jumba Langu la Ziwani

Mkwe wangu alibonyeza kitufe, na nukta nyekundu ikatua katikati ya ziwa.

Alikuwa akiuonyesha ukumbi mzima programu ya kugeuza misimbo ya posta kuwa nukta za ramani. "Nimeiandika mwenyewe," alijinaki.

Nukta ile niliitia mimi kwa utani, nilipokuwa nikiiandika programu hiyo kwenye meza yangu ya jikoni. Ni jumba langu la ghorofa tisa. Wapangaji ni kambale, na hakuna aliyewahi kulalamikia maji.

"Hitilafu ndogo tu hiyo," alisema mkwe.

Nikanyoosha mkono nimuulize. Binti yangu, mkewe, aliyeketi kando yangu, akaushusha, kucha zake zikinizama ngozini.

"Baba, tafadhali," alinong'ona. "Mimi ndiye niliyempa."